Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mayu Milembe, mama mkwe wangu, alikiinamisha kibuyu mbele ya majirani. Badala ya mtindi kudondoka mabonge, yakachirizika maziwa mepesi.

"Mama Kija, mikono yako ina nini?"

Mara ya kwanza alinisamehe. Safari hii alikata shauri: nisiguse tena kibuyu wala chuchu ya ng'ombe, na kesho nirudi kwetu Lalago, mfumu, yaani mganga, aje asafishe boma. Kija alikuwa mgongoni kwangu, amelala zake.

Jioni, kwenye masomo ya watu wazima pale Bariadi, nilimweleza mwalimu wetu wa sayansi, Maximiliana. Hakucheka. Asubuhi akamtangulia mfumu, kwa bodaboda, na kifaa alichokuwa akikijaribu yeye na wenzake. Nchani kilikuwa na transista ndogo kuliko punje ya mtama, imepakwa kimeng'enya.

"Kimeng'enya hiki kinajua kazi moja, kuvunja penisilini," alisema. "Ikivunjika inatoa asidi. Transista inaihisi asidi, umeme wake unabadilika, namba inapanda."

Akakichovya kwenye maziwa kidogo ya kuonja tu, ya ng'ombe mweusi. Namba ikatulia. Ya mwekundu, ikapanda. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka: kitu kidogo vile, hakijui nani mkwe nani mwenye boma, kinasema kilichomo tu.

"Huyu alichomwa sindano?"

"Titi lilivimba," mayu alijibu. "Bwana mifugo akamchoma, akasema maziwa yake tuyamwage kwanza. Sasa maziwa yanamwagwaje, mwanangu? Si ndiyo kuifukuza baraka? Nikachanganya na mengine."

"Dawa inayoua vijidudu vya titi, mayu, inaua na vile vya kugandisha mtindi."

Jirani yetu Kwandu akaguna. "Kumbe tungemlipa mfumu aje akutaje wewe."

"Kiulizeni basi kama kinaona na midomo mirefu," mayu alisema, na majirani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Yeye hakucheka. Alichimba shimo nyuma ya zizi, akamwaga maziwa ya mwekundu polepole, akiwaomba ng'ombe radhi kwa Kisukuma, kila mmoja kwa jina lake. Mimi hakuniomba. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akafungua mbeleko, akamchukua Kija.

"Nenda," alisema. "Mweusi bado hajakamuliwa."