Michezo, Muda Ukiruhusu

Nilipofika Gatitu saa moja na nusu asubuhi, hema lilikuwa limeshasimama juu ya kiwanja chetu.

Lilikuwa hema jeupe lenye mapazia ya zambarau, na ndani yake viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa kama mabibi harusi. Nguzo mbili za kati zilikuwa zimechimbiwa papo hapo kwenye ncha mbili za mstari wa kati wa chokaa nilioupiga jana yake kwa kamba na futi, nikiwa nimepiga magoti hadi giza likaanza kuingia.

Kiwanja chenyewe si kikubwa. Mpira wa wavu wa kukaa unataka mita kumi kwa sita, basi. Lakini huku kwetu ardhi yote imeinama, na mtu anayecheza akiwa amekaa chini, akijisukuma kwa mikono, hawezi kucheza kwenye mteremko. Kwa hiyo tangu Januari wanawake wanane wa timu yetu walikuwa wakichimba hapo nyuma ya ukumbi wa kanisa. Tabby, ambaye miguu yake haikuwahi kupata nguvu tangu azaliwe, alikuwa akikaa na jembe lililokatwa mpini. Waliokota mawe kwa vidole. Walisawazisha udongo kwa ubao, wakaumwagia maji, wakaushindilia. Walishona magunia kwenye matako ya suruali zao ili zisichanike. Miezi minne. Mimi nilisomea michezo chuoni, na katika miaka yote mitatu sikufundishwa kwamba kuna watu ambao lazima kwanza watengeneze ardhi ndipo wacheze.

Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Saa saba mchana angekuja Bwana Gikonyo, mteuzi wa timu ya taifa. Angetazama mechi moja, sisi na Karatina, achague mchezaji mmoja wa kwenda kambini Nairobi, na saa tisa awe njiani kwenda Meru. Nahodha wetu, Mukami, ana miaka thelathini na mbili. Mwaka juzi hakuna mteuzi aliyefika upande huu. Mwaka jana hakuna.

"Samahani," nikamwambia fundi wa hema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. "Hapa ni kiwanja."

"Kiwanja ya nani?"

"Ya wachezaji. Wa leo."

"Madam, mimi niliambiwa niweke pahali imelala sawa. Hapa ndio imelala sawa. Ongea na chairman."

Mwenyekiti wa kamati ya Siku ya Michezo ya Walemavu ni Mzee Wamae. Alikuja saa tatu, akiwa na ua la karatasi kwenye koti.

"Mzee, hema iko kwa kiwanja," nikasema.

"Usijali, kocha. Sasa mgeni wa heshima tumkalishe kwa mteremko, chai imwagike?" Akacheka.

"Tungeweka kwa uwanja wa kandanda."

"Ati uwanja wa kandanda? Vijana wako na ligi leo. Ligi haisimamishwi."

"Na mechi yetu?"

"Iko kwa ratiba. Soma."

Nikasoma. Sala. Nyimbo. Salamu za wageni kumi na wanne. Hotuba ya mgeni wa heshima. Kugawa blanketi. Chakula. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Michezo, muda ukiruhusu.

Nilitaka kuirarua karatasi ile. Nilitaka kumuuliza ni nini kilichobaki cha siku ya michezo ukiondoa michezo. Badala yake nikasema, "Sawa, mzee." Hadi leo nikilikumbuka neno hilo nahisi joto shingoni.

Mukami alifika kwa bodaboda, magongo yake yamefungwa kando. Alizaliwa Kangari, na lori la majani chai lilimkata mguu akiwa na miaka kumi na mmoja; siku hizi hutembea kwa mguu wa bandia na magongo. Aliliangalia hema.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... sawa."

"Beth," akasema polepole, "wewe uko na roho nzuri. Lakini leo roho nzuri haitatusaidia."

Wachezaji wa timu zote mbili walipewa fulana za njano zilizoandikwa Mimi Pia Naweza, zenye namba mgongoni, wakakalishwa mstari wa mbele, nje kwenye jua, ili waonekane. Mchungaji aliwaombea "hawa wasiojiweza." Tabby, ambaye anaweza kurudisha mpira ambao mimi siwezi hata kuukaribia, alifumba macho akasema amina kwa meno yaliyoumana.

Bwana Gikonyo alifika saa saba kamili, mwanamume mwembamba mwenye faili. Mgeni wa heshima alifika saa nane kasoro dakika kumi. Salamu zikaanza. Kila mgeni aliwasalimu wageni wengine kumi na watatu kwa majina na vyeo. Mmoja alisimulia alivyosoma pekupeku. Mwingine alieleza kwamba ulemavu si kutoweza, na watu wakapiga makofi, na wachezaji wakaendelea kukaa juani na mikono mapajani. Kutoka uwanja wa kandanda ng'ambo ya ua tulisikia filimbi na kelele za goli.

Bwana Gikonyo akainama kwangu. "Dada, mechi ni saa ngapi?"

Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa ratiba. Aliusoma, akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Mimi saa tisa siko hapa," akasema. "Meru wananingoja. Na siwezi kuandika mtu ambaye sijamwona akicheza."

Nikaenda kwa magoti hadi nyuma ya Mukami, nikamwambia.

Mzee Wamae, kwa kuona mgeni wa heshima ana haraka, akaruka salamu tano pamoja na hotuba, akaita blanketi. Mukami aliitwa wa kwanza kwa kuwa ni nahodha. Mheshimiwa akamfunika mabega kwa blanketi jekundu, wapiga picha wakasogea.

"Sema asante, msichana wangu," Mzee Wamae akasema, akampa maikrofoni.

Mukami akaishika.

"Mheshimiwa, asante kwa blanketi. Gatitu ni baridi, usiku nitajifunika. Lakini sasa ni mchana. Na hapo mmekalia ni kiwanja yetu. Tulichimba na mikono. Kuna mtu ametoka Nairobi kutuona tukicheza, na amebakisha nusu saa. Tunaomba muinue miguu."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani, kwa sababu mtu aliyepewa blanketi huwa hakasiriki.

Mukami akaweka magongo chini. Akajishusha, akavua mguu wa bandia na kuuweka mezani, kando ya chupa ya maji ya mheshimiwa. Kisha akaingia hemani kwa mikono, katikati ya viatu vilivyong'arishwa. Tabby akamfuata. Halafu wengine wetu, halafu wale wa Karatina, fulana za njano zikitambaa kati ya miguu ya viti kama maji yaliyovunja ukingo. Wanawake wa kamati wakanyakua mikoba yao. Chifu mmoja akainua miguu yote miwili hewani akabaki hivyo.

"Kocha!" Mzee Wamae akaniita. "Kocha! Toa hawa watu!"

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Nikachukua wavu kutoka kwenye mkoba, nikaufunga kwenye zile nguzo mbili za kati, na fundo la kwanza likafunguka. Nikalifunga tena.

"Kocha, nakuongelesha!"

Nikaweka filimbi mdomoni nikaipuliza kwa nguvu zote, karibu na sikio lake.

Mpira ukaruka. Ukagonga dari ya hema, ukagonga meza, ukamwaga soda. Wageni wakaburuta viti vyao hadi mteremkoni. Mheshimiwa naye, akitabasamu kwa ajili ya kamera, akaketi upande ulioinama, ameshika kiti kwa mikono yote miwili asibingirike.

"Tabby, wako!"

"Nimeona! Si niko na macho!"

"Karatina, mmekuja kula pilau ama kucheza?"

"Ngoja tu, utaila na machozi!"

Mukami alicheza kama mtu anayepigana na mwizi. Alijitupa, akajisukuma, akainuka kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa refa, na mara mbili nilimhukumu kwa kunyanyua matako kutoka ardhini, jambo lisiloruhusiwa, na mara zote mbili aliniangalia vibaya, na nilikuwa sahihi. Saa tisa ilifika tukiwa kumi na saba kwa kumi na tisa, Karatina mbele. Bwana Gikonyo akasimama. Nikajua anaondoka. Lakini alikuwa amesimama ili aone vizuri. Aliondoka saa tisa na robo, tulipofika ishirini na tano kwa ishirini na tatu, baada ya kuinama pembeni mwa mstari.

"Namba saba. Jina na namba ya kitambulisho. Kambi inaanza Jumatatu ya wiki ijayo."

Mukami alizitaja namba akihema, udongo umemganda usoni kwa jasho.

Gari la Bwana Gikonyo lilikuwa halijafika hata langoni Mzee Wamae alipoikamata maikrofoni. "Mabibi na mabwana! Kamati yetu imezaa mchezaji wa taifa! Mukami, njoo, msichana wangu, tupige picha na mheshimiwa. Vaa mguu haraka, vaa na blanketi."

Mukami hakusogea.

"Mzee," akasema, bila maikrofoni, na bado kila mtu alimsikia, "niko na miaka thelathini na mbili. Mimi si msichana yako. Na kamati yako haikuzaa mtu. Kamati yako ilileta hema."

"Usiwe na hasira, leo ni siku ya furaha. Amekwisha kukuchagua. Mechi imeisha."

"Imeisha na nani? Hiyo ilikuwa seti ya kwanza."

Mheshimiwa akaangalia saa. Dereva wake akaja mbio. Mzee Wamae akatuangalia sisi, akaangalia gari, akakimbilia gari. Nami nikapuliza filimbi, timu zikabadilishana pande.

Ng'ambo ya wavu, msichana wa Karatina mwenye mkono mmoja alikuwa ameuweka mpira kiganjani.

"Haya, mtu wa kambi," akapaza sauti. "Chukua hii!"