Vidonge vya Sandukuni

Siku kaka yangu alipoondoka nyumbani, Shangazi alikuwa amemwaga vidonge vya kufukuza nondo mezani, kando ya cherehani. Vilikuwa vitatu, vidogo kama punje za mtama.

"Niliweka sita, kila kimoja kama gololi," alisema. "Vingine vimekwenda wapi? Na hivi nani kavikwangua?"

Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyetulea. Alikuwa fundi nguo, na nguo za wateja alizifungia kwenye sanduku la bati. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari, kwa sababu kaka ndiye aliyezitoa kila asubuhi kuzipiga pasi. Tulimwita Pasi.

"Shangazi, nivikwangue nile?" Pasi aliuliza. "Hata panya wanavikimbia."

"Panya hana mtu wa kumuuzia. Leo kidonge, kesho suti ya mteja. Mimi naishi kwa kuaminiwa." Akanigeukia. "Nikienda sokoni, nani anashika ufunguo?"

"Kaka," nikasema.

Ulikuwa ukweli nusu. Juzi yake mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha hali za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Barafu huyeyuka ikawa maji, maji yakichemka huwa mvuke. Kisha akaweka kidonge cheupe kwenye kisahani, akasema hiki hakipitii kwenye kimiminika, hutoka kwenye yabisi kikawa gesi moja kwa moja. "Harufu mnayoisikia ni kidonge chenyewe kinaondoka."

Kidonge kile nilikipeleka mimi. Mwalimu aliomba, nami nikachukua sandukuni kilichobaki kikubwa kuliko vyote. Darasa zima lilinipigia makofi.

Kwa hiyo nilijua viwili vimekwenda wapi, na cha tatu pia. Ningeeleza habari ya vile viwili, ningelazimika kukitaja na changu. Nikainama, nikawa naokota vipande vya uzi sakafuni.

Pasi alinitazama kidogo. Sijui kama alijua. Akakunja shati lake la pili, kola juu, kama la mteja. "Haya, Shangazi. Baki na sanduku lako."

Alipata kazi kwa dobi, mji mwingine. Alituma salamu, lakini mwenyewe hakuja. Kwenye mtihani wa mwaka ule tuliulizwa kitu gani hugeuka gesi bila kuyeyuka kwanza. Nilipata alama zote.

Baada ya miaka tisa aliletwa ndani ya jeneza. Ilikuwa homa, walisema, siku nne tu. Tuliporudi kutoka makaburini, Shangazi aliketi kwenye kiti alichokuwa akikalia Pasi.

"Nimemsamehe yale ya sandukuni," alisema.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, viatu vimejaa udongo.

"Kwa hiyo mwizi ni hewa," alisema polepole.

"Hewa na mimi, Shangazi."

"Na ulijua tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Alinipa mgongo, akawa anapapasa ubao wa kupigia pasi, pale kitambaa kilipoungua zamani.

Sasa nguo za wateja nazipiga pasi mimi. Kila asubuhi Shangazi huzitoa sandukuni mwenyewe, kisha huufunga ufunguo kiunoni mwake.