Busu la Nyama ya Sakafuni

Haki ya Mungu naapa, haya yote ni kweli tupu. Chumvi pekee iliyomo ni ile ya kwenye soseji, na hiyo aliitia mwenye kiwanda ili kuficha harufu.

Domicelė alikuwa akisukuma nyama kwenye mashine ya kusaga, kule Chicago nyuma ya mazizi ya ng'ombe, nyapara Hanlon alipoingia na gazeti. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya kubuni iliyokuwa ikifuatiliwa na mji mzima.

"Nisikilizeni, akina mama!" Akasoma: mwanamke kaangusha pande la nyama kwenye sakafu yenye makohozi, kaliokota, kalibusu kama wabusuvyo mkate kwao, kalirudisha kwenye mashine. "Mtunzi anasema kabuni. Mie nasema kaambiwa. Nikimjua aliyemwambia, kazi hana!"

Domicelė akainamia mashine. Ni yeye yule! Kwao Lithuania mkate ukianguka huokotwa ukabusiwa, na siku zake za mwanzo kiwandani mazoea yalimponza. Lakini alisimulia nyumbani tu, mbele ya mumewe Baltrus na mpangaji wao Vincas, kijana mwenye mikono laini kama ya padri.

Vincas! Mbona kila mara anaandikaandika? Mbona akiulizwa anakunja karatasi? Domicelė akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, hata supu akimpakulia anamchunguza. Akifukuzwa yeye, nyumba italishwa na nani, wakati kazi ya Baltrus ni kupiga soga kilabuni?

Kesho yake, saa ya chakula, Hanlon akapita katikati ya wanawake, karibu wote Walithuania, akaangusha kipande cha mkate mweusi. Akasimama, mikono mgongoni, macho kama paka.

Mtego. Usiiname, Domicelė akajiambia. Mkate ukalala pale kwenye uchafu. Bibi Agota akanong'ona, "Jamani, mkate chini…"

Domicelė akashindwa. Akainama, kichwa chake kikagonga cha Agota, cha Agota kikagonga cha jirani, na kufumba na kufumbua meza nzima ilikuwa sakafuni ikigombea kubusu.

"Nyote?" Hanlon akabwata.

"Sote, bosi," Agota akajibu, makombo mdomoni. "Tufukuze, kisha usage mwenyewe."

Angethubutu vipi? Wasomaji walikuwa wametapika vifungua kinywa vyao na kuwajia juu wakubwa, na wakaguzi wa serikali walikuwa tayari getini. Wakaingia, wakaziba pua, wakaamuru sakafu ioshwe kila siku na kinachoanguka kitupwe. Habari za mishahara hawakuuliza.

Jioni Domicelė akamkabili mpangaji. "Vincas, funga virago."

"Nimekosa nini, dada?"

"Domo lako nusura linifukuzishe kazi. Yale maandishi yako!"

"Namwandikia mama!"

"Mwache kijana wa watu," Baltrus akadakia. "Ubaya uko wapi? Kwenye hadithi si nimekufanya mrembo?"

Domicelė akamgeukia mumewe.

"Ume-nini?"

"Nimesema *ame*kufanya."

"Umesema *nime*kufanya."

"Ulimi tu huo, mke wangu. Mtunzi mwenyewe alininunulia bia mbili, basi nikachangamka kidogo…"

Domicelė akatua ndoo na brashi mbele yake. "Ukishasugua jikoni, uje chumbani. Kesho ngazi. Keshokutwa tena."

Baltrus akapiga magoti. Vincas akainua miguu kumpisha.

"Hapo kwenye kona, kaka," akasema, "umeparuka."