Daraja Moja kati ya Matano

Kwa miaka minne hakuna mtu Durban aliyemwita Libère "Bwana Mkaguzi". Katika duka la simu pale Sydenham alikuwa Papa Libère tu, fundi wa kubadilisha vioo. Kwa hiyo mwanamume mmoja mwenye suti alipoingia Jumanne asubuhi na kumwita hivyo, bisibisi ilimponyoka mkononi.

Jimboni kwao, Kongo, Libère alikuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Alikwenda kukagua daraja lililokwisha kulipiwa, akakuta mto tu, na watu wanavuka kwa mtumbwi. Akaandika alichokiona. Gavana alimtaka abadilishe ripoti, akakataa, na wiki hiyohiyo yeye na mkewe Estella wakakimbia nchi.

Mgeni alisema anaitwa Urbain, ametumwa na gavana mpya. Yule wa zamani atashtakiwa. Akatoa karatasi: madaraja matano, yote hayakujengwa, na chini nafasi ya sahihi. Libère akisaini, atarudishiwa cheo na nyumba.

"Mimi niliona moja tu," Libère alisema.

"Ile ingine iko hivyohivyo, papa. Kila mutu anajua."

"Basi kila mutu asaini."

Urbain hakukasirika. Aliuliza tu kama mdogo wake Libère bado anafundisha kule jimboni, akaitaja na shule yenyewe. Kisha akasema atarudi saa nane.

Libère alimpigia Estella, aliyekuwa kazini saluni. Estella akamwambia asisaini, ila amtafute mdogo wake kwanza. Libère alimpigia mdogo wake mara sita, simu haikupokelewa. Akarudi kazini, akapasua kioo cha simu ya mteja.

Saa nane Urbain aliporudi, Libère alimpa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: daraja moja, mahali, tarehe, sahihi. Urbain akaisoma, akaikunja, akasema gavana hatafurahi.

Mdogo wake alipiga jioni. Mchana kutwa alikuwa akisimamia mitihani. Libère alimwambia ahame na watoto wake siku hiyohiyo, naye hakuuliza sababu.

Mwezi uliofuata ripoti ilisomwa katika bunge la jimbo. Madaraja yalikuwa matano, na sahihi ilikuwa ya mkaguzi mwingine. Wakati huo Libère na Estella walikuwa wamekwisha kuhamia Pinetown, mji wa jirani, na mdogo wake alikuwa bado hajapata shule ya kufundisha.