Gurudumu la Mbele, Kushoto

Sauti ilifika kwenye simu kabla gari lenyewe halijafika.

Fundi alikuwa chini ya gari la shule, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, simu ilipotetemeka mfukoni mwa ovaroli. Kundi la familia. Akafuta kidole na kubonyeza. Kwanza ulisikika mkwaruzo mkavu, wa kuudhi, kama mtu anayeburuta sufuria tupu juu ya saruji. Kisha akaongea shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Tajiri.

"Jamani wa nyumbani, sikilizeni wenyewe. Hii ndiyo kazi ya shemeji yetu. Juzi amenibadilishia pedi za breki, leo gari linasaga kama kinu. Nasema mapema, asije mtu akafa. Kile kibanda chake kifungwe. Mama, nakuja tuongee."

Fundi alibaki amelala palepale, akiutazama mfuko wa oili wa injini uliokuwa juu ya pua yake. Majibu yakaanza kudondoka. Wifi mkubwa alituma uso unaolia. Shangazi aliandika, "Mungu atuepushe na ajali." Hakuna aliyeuliza kitu. Mwisho ukaja ujumbe wa mume wake, dereva wa lori, aliyekuwa safarini: "Nimesikia. Tutaongea nikirudi."

"Tutaongea nini?" fundi akaiuliza simu.

Dereva wa gari la shule alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua chache tu kutoka hapo, na simu ile ilikuwa na spika nzuri. Akakohoa.

"Mama Gereji, mimi sijasema kitu."

"Sijasikia ukisema."

"Ndiyo hivyo, sijasema." Akainama kuchungulia chini ya gari. "Ila breki zangu uliniwekea lini vile?"

Fundi akajisukuma kutoka chini ya gari. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Kibanda chake kilisimama mbele ya uwanja wa mama mkwe wake: nguzo za mbao, paa la bati, rafu ya spana zilizopangwa kwa ukubwa, na benchi la wateja. Kila nguzo aliichimbia shimo mwenyewe, lakini ardhi haikuwa yake. Mama mkwe alisema kisimame, kikasimama. Akisema kiondoke, kitaondoka, na Tajiri alikuwa njiani kuja kumwambia akiondoe.

Damu ilimchemka. Hata hivyo hasira yake aliiweka pembeni kama anavyoweka beseni la oili chafu: taratibu, isimwagike. Maana kabla ya kumlaumu mtu ilibidi ajilaumu kwanza mwenyewe. Akafunga macho, akairudia kazi ile tangu mwanzo. Nati alizikaza kwa mpango, moja na ile inayoitazama. Pini alizipaka grisi. Pedi zilikaa mahali pake na vibanio vyake. Alikuwa na hakika. Karibu hakika. Na hilo "karibu" ndilo lililomkera kuliko uso wa wifi unaolia.

Gari likaingia uani, jekundu, la milango miwili, fupi kama chura aliyejiandaa kuruka. Lilikuwa likilia kweli. Mama mkwe alishatoka na kusimama mlangoni, kwa sababu siku zote alimsikia mwanawe tangu kona.

Uwanja ule zamani ulikuwa tope. Tajiri aliponunua gari alisema tumbo la gari liko chini mno, haliwezi kuingia, na kwa muda mrefu alikuwa mtoto wa kwenye simu. Basi mama akaagiza kokoto lori zima, za rangi ya majivu, zenye ncha, akazitandaza kwa reki kwa mikono yake na kukataa kusaidiwa. Tangu hapo Tajiri alikuja kila wiki. Na kila alipoondoka alikanyaga mafuta palepale uwanjani, matairi yakazunguka bure, kokoto zikaruka hadi kwenye ukuta, kuku wa jirani wakatawanyika. Mama alipiga makofi. "Mwanangu ananiaga," aliwaambia majirani. Watu wakaiita Kwaheri ya Tajiri.

Leo Tajiri alishuka, akampita shemeji yake kama nguzo ya kibanda, akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Umesikia mama? Hata kwa mbali unasikia. Nimekuwa nikisema, gari kama hili halipewi fundi wa mlangoni."

"Ulilileta mwenyewe," fundi akasema.

"Nilikuonea huruma, shemeji."

"Lilianza lini kulia?"

"Tangu umelishika."

"Siku ile uliondoka hapa likiwa kimya. Mama alikuwepo. Nauliza lilianza lini."

Tajiri akatazama pembeni. "Jumapili. Nilipotoka hapa kumsalimia mama."

"Nipandishe, nisikilize likitembea."

"Na hiyo ovaroli? Viti ni vya ngozi."

"Basi nitatembea."

Ndivyo majirani walivyopata sinema ya bure. Gari jekundu lilitoka kwenda barabarani mwendo wa kobe, na fundi akaenda kando yake ameinama, sikio karibu na tairi, mkono mmoja umeshika goti.

"Anatafuta sarafu?" mwenye duka akauliza.

"Analisindikiza," mwingine akajibu. "Mgonjwa hatembei peke yake."

Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini masikio hayo yalikuwa na kazi. Sauti ilitoka gurudumu la mbele, kushoto. Magurudumu mengine yalikuwa kimya.

"Kanyaga breki. Kidogo. Achia. Kanyaga tena."

Mkwaruzo haukubadilika.

"Umeona?" akasema dirishani. "Ingekuwa pedi, ungekanyaga, sauti ingepanda au ingekatika. Hii haijali breki."

"Wewe ndiye unayesema."

"Kata kushoto. Sasa kulia. Beringi ya gurudumu ikichoka hulalamika uzito ukiielemea. Hii hailalamiki zaidi. Rudi nyuma."

Gari likarudi nyuma. Sauti ikakatika kwa pumzi moja, kimya kabisa, kisha ikaanza tena kwa mlio mwembamba zaidi. Fundi akasimama wima, akanyoosha mgongo. Kitu kilichofungwa hakinyamazi kwa kurudishwa nyuma. Hiki kilikuwa kimehama. Lile "karibu" likamtoka kifuani, na mahali pake ikarudi hasira aliyokuwa ameiweka kando, imejaa vilevile.

Uwanjani aliweka ubao chini ya jeki, isizame kwenye kokoto, akalinyanyua gari na kulitoa tairi. Kisha akamwita dereva wa gari la shule.

"Njoo uone, usije ukaniuliza kesho. Na wewe mama, sogea."

Akawaonyesha pedi. Zilikuwa nene, safi, zimeshikwa na vibanio vyake vyote. Dereva alizitazama kama mtu anayesoma gazeti.

"Mimi tangu mwanzo sikusema kitu," akasema.

Nyuma ya diski ya breki kulikuwa na bati jembamba la kuikinga na matope. Fundi akalivuta kidogo kwa bisibisi, akalitikisa. Kitu kikaanguka juu ya ubao, tak. Jiwe dogo la rangi ya majivu, upande mmoja umesuguliwa hadi unang'aa. Nyuma ya diski kulikuwa na mchirizi mmoja wa duara, mwembamba. Akalizungusha gurudumu kwa mkono. Kimya.

Tajiri akainama, akatazama, akajipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika chochote.

"Ah, kumbe kajiwe tu. Basi, yameisha. Funga tairi, shemeji, nina watu wananisubiri."

Mama mkwe alikuwa ameliokota lile jiwe. Aliligeuza kiganjani, akatazama chini miguuni pake, akalitazama tena. Fundi alimwona uso ukibadilika. Mama alijua jiwe limetoka wapi, na angeweza kulinyamazia, palikuwa na njia nyingi za kusema "jiwe la barabarani."

"Hili ni la kwangu," mama akasema polepole.

"Si ndiyo?" Tajiri akadakia, kama mtu aliyerushiwa kamba. "Mimi nilijua tu, mama. Hizi kokoto zako za bei rahisi. Gari kama hili halitaki uwanja wa hivi. Bora niwe napiga simu."

Mama alifumba kiganja, jiwe likabaki ndani.

Fundi aliinuka. Asubuhi yote alikuwa amekitetea kibanda chake. Sasa aliona mtu aliyeshindwa kumbebesha yeye hatia akiitafutia mgongo mwingine wa kuibeba, na mgongo aliouchagua ni wa mwanamke aliyetandaza lori zima kwa reki ili amwone mwanawe.

"Kokoto zimelala," akasema. Sauti yake haikupanda, ila dereva alirudi nyuma. "Watu hupita hapa, baiskeli hupita, mimi naingiza magari ya watu kila siku. Hazijamrukia mtu. Zinaruka ukiziaga. Jumapili ulimuaga mama, ukamrushia kokoto ukutani na moja ukajirushia mwenyewe. Mama hana kosa. Mimi sina kosa. Nani amebaki?"

"Sasa shemeji, tusikuze mambo. Nimesema yameisha."

"Hayajaisha. Yalianza kwenye simu, yatamalizikia kwenye simu. Ulirekodi jiwe ukaliita jina langu. Rekodi tena."

"Nitawaambia nikiwaona."

Fundi akalilaza lile tairi juu ya kokoto, akalikalia. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kama mtu asiye na safari.

"Nitasubiri," akasema.

Tajiri akacheka, akamtazama mama. "Mama, mwambie."

"Rekodi," mama akasema.

Tajiri alitoa simu, akageukia ukuta. "Wapendwa, lile tatizo dogo la gari limepatiwa ufumbuzi. Tumshukuru Mungu."

"Mungu hakufungua nati," fundi akasema akiwa juu ya tairi. "Tena."

"Na kibanda umekisahau," akaongeza dereva. Wote wakamgeukia. "Mimi sijasema kitu."

Mara ya pili Tajiri alikwama katikati na kufuta. Mara ya tatu alisema yote, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa: kwamba pedi ni nzima, kwamba kazi ya shemeji haina dosari, kwamba jiwe lilirushwa na matairi yake mwenyewe, kwamba alisema kabla ya kuangalia na kibanda hakina sababu ya kufungwa. Alituma. Simu ya fundi ikatetemeka mfukoni. Akaifungua, akaisikiliza yote hadi mwisho mbele ya Tajiri, ndipo akainuka.

Alilirudisha tairi kama alivyolifunga siku ile, nati moja na ile inayoitazama, bila haraka wala kulipiza. Hasira yake haikuwa na haki ya kugusa nati. Akashusha jeki, akarudia kukaza, akaondoa ubao.

"Tayari."

"Asante," Tajiri akasema, akilitazama gari.

"Sikia," mama akamwambia. "Kibanda kinabaki. Na gari lako siku nyingine liache kule barabarani, uje kwa miguu. Miguu nilikuzaa nayo. Ukiona ni mbali, piga simu; nitapokea nikiwa na nafasi."

Tajiri alitoka uwanjani mwendo wa gari la maiti. Hakuna kokoto hata moja iliyosogea. Gari halikutoa sauti yoyote, na mama alisimama akilisikiliza hadi lilipopita kona. Kisha akaenda kuchukua reki, akaanza kusawazisha michirizi ya matairi, jiwe lile bado limo mkononi.

Fundi alirudi chini ya gari la shule. Wifi mkubwa alikuwa ametuma viganja vinavyopiga makofi. Shangazi alimshukuru Mungu. Hakuna aliyesema samahani, na fundi aliwahesabu wote kimoyomoyo, mmoja mmoja, asimsahau yeyote. Mwisho kabisa ukaingia ujumbe wa mume wake: "Mimi nilijua tu kwamba si wewe."

Aliusoma mara mbili. Akafuta kidole kwenye ovaroli, akaandika: "Nimesikia. Tutaongea ukirudi."

Kisha akashika spana.