Shavu la Kushoto la Yumna

Miaka thelathini mie ndo somo wa mabi harusi wa Kengeja, nawafunda na kuwasinga, na mikono sasa imechoka. Singo ya kuwasugua mwili natwanga mwenyewe: karafuu, liwa, mawaridi makavu. Nilisema Yumna, mjukuu wangu, awe wa mwisho, kisha nipumzike.

Yumna alisumbuliwa na chunusi tangu skuli. Zilipokwisha zikamwachia vishimo mashavuni. Muntasir, mchumba wake, hakuwa na neno, lakini Yumna mwenyewe akenda kwa daktari wa ngozi, Chake. Akapakwa dawa kali ya kuchubua, ngozi ya juu itoke, ya chini ijijenge upya. Akaambiwa atarudi mara nne au tano, na vishimo vitapungua, havitakwisha.

"Bibi, singo iishie shingoni," aliniambia. "Uso usisuguliwe mpaka ngozi itoke yenyewe."

Siku ya tatu ngozi ikaanza kubanduka. Nikataka acheke kidogo.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Nyumba yangu yapukutika chokaa, mwenyewe hahami."

"Ndo mie huyo!" Akacheka, akashika shavu, maana kucheka kulimuuma.

Kesho yake akaja Bi Ruweida, shangazi wa Muntasir, kutazama singo inavyokwenda. Harusi ilibaki wiki tatu.

"Mbona uso mmeuacha? Bi harusi anajichuna kama mjusi!"

"Daktari kakataza."

"Daktari ndo somo wake? Au weye Bi Mize mkono umekwisha nguvu?"

Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimechoka, nikataka anyamaze tu. Yumna kalala chali, kafumba macho. Nikachota singo, nikamsugua shavu la kushoto, mara moja tu.

Akapiga ukelele. Tulimwosha kwa maji baridi, lakini wiki haikwisha shavu likawa na doa jeusi. Daktari akasema litafifia baada ya miezi, ndipo matibabu yaendelee.

Bi Ruweida akarudi na wanawake wenziwe.

"Mnaiona dawa ya hospitali? Imemchoma mtoto wa watu! Muntasir akishamuoa hatompeleka tena huko."

Wote wakaitikia. Yumna akanitazama, kisha akatazama mkeka. Hakunitaja. Ningenyamaza, jina langu lingebaki, naye asingerudi tena kwa daktari.

"Si dawa," nikasema. "Ni mkono wangu."

"Singo haijamchoma mtu, Bi Mize!"

"Imemchoma huyu. Ngozi ilikuwa mbichi, nikakatazwa, nikasugua. Na weye ulikuwapo."

Akajifunga buibui lake. "Basi binti yangu Asya akiolewa, n'tamtafutia somo mwengine."

"Mtafutie, mwanangu."

Yumna alikuwa keshachukua simu, anazungumza na Muntasir. "Bibi kasema mwenyewe, mbele ya shangazi yako. Doa likififia narudi. Utanipeleka?" Akasikiliza. "Basi siku hiyo twende asubuhi, kabla ya jua kali."

Mie nikaegemea ukuta. Sikuwa na nguvu hata ya kuinuka kuwasindikiza wageni.