Mlango wa Alama ya Dola

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limemeza ua mzima asubuhi hiyo. Ukuta wa jirani haukuonekana, na watu walipita kama wanaelea. Serwaa alisimama kizingitini. Mjomba Ntim, mpangaji wake, akatokea ndani ya weupe ule na ndoo mkononi.

"Mama mwenye nyumba, Nana umempendezesha kwenye ile picha. Vazi la kente limemkaa."

Serwaa aliuvuta mlango nyuma yake ukafunga. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabango ya tanzia, na bango la Nana, chifu wa mji, lilikuwa ndani ya kompyuta yake, chumbani. Hakuwa amemwonyesha mtu. Chifu hasemwi kuwa amekufa. Husemwa amekwenda kijijini kwake, mpaka wazee watangaze. Habari ikitoka mapema, aliyeitoa hulipa faini ya kondoo na chupa za pombe kali. Serwaa angelipa, kisha asipewe tena msiba wa mtu yeyote mjini.

"Picha gani, mjomba?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwa natafuta filamu kwenye ile folda ya kompyuta yako uliyotufungulia wapangaji mtandaoni. Nikakumbuka kompyuta hizi huzaliwa na mlango mwingine, umefichwa. Unaandika herufi ya diski, unaweka alama ya dola. Ikaniuliza jina na neno la siri. Nikaweka jina lako, na lile neno la intaneti ulilotupa wote. Ikafunguka."

"Ukaingia chumbani kwangu."

"Niliingia kwenye kompyuta, mama."

"Ni kulekule. Ungenikuta naoga ungekaa kutazama?"

Ntim aliangalia ndoo yake. "Nilifunga haraka."

"Umemwambia nani?"

"Mke wangu tu."

"Tu," alisema Serwaa.

Mke wa Ntim, Afriyie, aliuza uji langoni, na hakuna habari ya mtaa iliyopita bila kugusa upawa wake. Serwaa alitembea kumfuata kama mtu anayetembea chini ya maji. Alipofika, akamkuta mtangazaji wa redio ya mji, bakuli mkononi.

"Mama Afriyie, nasikia kuna jambo ikulu kwa Nana," alikuwa anasema mtangazaji.

"Unasikia kwa masikio gani, na hayo uliyoyaziba kwa waya?"

"Nana mbona haonekani?"

"Amekwenda kijijini kwake. Kunywa uji, unapoa."

"Wewe unajua kitu."

"Najua unadaiwa wa jana."

Mtangazaji akacheka, akalipa, akapotelea vumbini. Afriyie hakumtazama Serwaa. Alikoroga sufuria polepole.

Serwaa alirudi uani. Fundi cherehani wa chumba cha kwanza akainua kichwa. "Kijijini kwa Nana kuna baridi saa hizi, mama." Muuguzi wa chumba cha mwisho, akianika sare, akasema bila kugeuka, "Apumzike huko. Alichoka." Serwaa hakuwa amewauliza kitu. Sauti zilimjia kutoka weupe ule moja moja, kwa upole, kama zinapita kwenye usingizi wake.

Kumbe wote walikwishaingia kwenye kompyuta yake, kwa mlango uleule. Kila mmoja peke yake, kimya, alikuwa amesimama mbele ya ile picha.

Akaingia chumbani, akaketi, akaiondoa folda ya filamu mtandaoni. Kisha akaanza kuandika neno jipya la siri, ambalo hakuna mpangaji angelijua. Ilikuwa kama kuwafungia mlango watu waliokuja kumlilia Nana.

Akaufunga.